Sufuria langu lilitaifishwa

Jamani mi miaka sita sijapika bia. Sita! Mtoto wa kwanza alipozaliwa nikasema napumzika kidogo, wiki mbili tatu hivi mpaka atulie, basi akaja wa pili, na huyo wa kwanza mwenyewe hajatulia mpaka leo. Zamani jumamosi yangu ilikuwa jumamosi kweli, saa tatu asubuhi nawasha jiko, saa nane mchana namalizia kuosha vyombo, masaa matano hakuna binadamu aliyeniita. Sasa mwezi uliopita nikasema liwalo na liwe, narudi.

Kwanza vifaa. Sufuria langu la lita 30, lile nililolinunua kwa kujinyima, limeshataifishwa. Nalidai naambiwa "sufuria lipi, hili la maji ya kuoga?" Eti la maji ya kuoga! Ndoo ya kuchachushia imejaa midoli mpaka mfuniko haufungi, na ndani imechubuliwa chubuliwa na vigari, na ukipika bia unajua ndoo ya plastiki ikishachubuka vijidudu vinajificha kwenye mikwaruzo hata uoshe vipi, kwa hiyo hiyo nikaisamehe nikanunua nyingine. Mpira wa kunyonyea bia umekuwa kamba ya kuruka. Chupa 60 nilizozikusanya kwa miaka zimebaki 41 na moja ina ua.

Haidromita, kile kipimo cha sukari kwenye bia, ndo usiseme. Kale ka kioo kembamba kanapasuka ukikatazama vibaya, nikajua hapa sina changu. Natafuta natafuta, naikuta kwapani mwa mdoli, nzima kabisa, mdoli kafunikwa na taulo. Naambiwa nisiiguse, mgonjwa ana homa. Nikasubiri. Daktari akaja akasoma akasema amepona, ndo nikaruhusiwa kuchukua mali yangu.

Hamira niliyoiacha kwenye friji ilishapitiliza tarehe zamani sana, nikaijaribu kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, nusu saa hata povu moja hakuna, imekufa ikinisubiri maskini. Hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu na harufu, nikafungua pakiti, harufu ya soksi. Kweli hopsi zikizeeka zinanuka soksi au jibini la zamani, si mimi nasema, ila mke wangu alipopita akauliza nani kavua viatu na wote wakanigeukia mimi.

Basi nikanunua vipya, siku ikafika. Mpango wangu ulikuwa wa kijeshi: kimea kinakaa kwenye maji ya nyuzi 66 kwa saa nzima, hapo mdogo kalala. Yule mtoto kila siku analala masaa mawili, saa nyingine namuamsha kwa kumtikisa. Siku hiyo akalala dakika 20. Kwa hiyo nimembeba mkono wa kushoto, wa kulia nina themomita, na yeye anaitaka themomita.

Halafu kuchemsha, na wapishi wenzangu mnaijua ile dakika. Maji ya kimea yakikaribia kuchemka povu linakusanyika juu, linakaa kimya kama halina nia mbaya, ukigeuza shingo tu linapanda linamwagika jiko zima, na linashika kama gundi. Dawa yake ni kusimama pale pale na mwiko, usiangalie hata saa. Nimesimama. Nina mwiko. Povu linaanza kunyanyuka, nasikia kutoka chooni, sauti ya mkubwa, "BABAAA NIMEMALIZAAA!"

Wenye watoto mnajua hiyo sio taarifa, ni amri. Nikajibu subiri. "BABA NIMEMALIZA NAJIFUTA MWENYEWE!" Hapo sasa nikapima hasara mbili kwa haraka, nikakimbia. Narudi jiko lina rangi ya kahawia mpaka chini, moto umezimika, nyumba nzima inanukia sukari iliyoungua. Mama watoto kasimama mlangoni hasemi kitu. Afadhali angesema.

Na huwezi kufunika sufuria, maana kuna harufu ya kabichi inayotoka kwenye kimea lazima ipae na mvuke, ukiifungia inarudi kwenye bia. Kwa hiyo saa nzima ya kuchemsha nyumba ikanuka kabichi juu ya ile ya kuungua, madirisha wazi yote, na mimi naeleza kemia kwa watu ambao hawajaniuliza.

Kupoza, kumwaga hamira, kufunga mfuniko, hayo yalipita salama. Tena kwenye kuosha na kuua vijidudu nimekuwa hatari kuliko zamani, miaka yote ile ya chupa za maziwa usiku wa manane sio mchezo.

Shida ni kwamba hamira hii inataka nyuzi 18 mpaka 22 na chumba pekee kilichopoa ni bafuni, kwa hiyo ndoo ikakaa bafuni ndani ya beseni la maji, imevishwa taulo bichi, juu kile kidude cha kutolea hewa. Masaa 14 kimya. Kisha ikaanza, blup. Blup. Blup. Usiku kucha. Mkubwa akaja kutoa ripoti kwamba ndoo inajamba. Nikataka kumrekebisha nikakosa pa kuanzia, maana hamira inakula sukari inatoa kilevi na hewa, sasa hapo mtoto kakosea wapi? Mke naye analalamika anaoga huku ndoo inamtazama.

Ile sheria ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 inasema bia ni shayiri, hopsi na maji, basi. Hamira haimo! Ndo inayofanya kazi usiku na mchana na hakuna aliyekumbuka kuiandika. Nilikuwa najua hii habari miaka mingi, ila safari hii nikiwa bafuni na taulo bichi saa saba usiku ndo imenigusa.

Wiki mbili, haidromita ikashuka toka 1.048 mpaka 1.011, karibu asilimia 5 ya kilevi, safi. Kuweka kwenye chupa nikafanya usiku watu wamelala. Sukari gramu 6 kwa lita, lita 20 gramu 120, nimeshapima, mdogo akaamka akalia, nikaenda nikambembeleza, narudi kibakuli kitupu. Nimeweka au nimekula? Nimeiweka mara ngapi? Ukikosa bia haina gesi, ukiweka mara mbili chupa zinapasuka kama mabomu. Nikarudi kwenye pakiti ya sukari nikapima iliyobaki, nikatoa, nikapiga hesabu kwenye bahasha, nikaridhika asilimia 80. Hizo 20 nikazifunika na blanketi nzito kwenye kreti na nikakataza mtu asisogee. Wiki mbili nyingine kila mlango ukigongwa nainama.

Jana nimefungua ya kwanza. Pssss. Povu jeupe, limekaa. Rangi nzuri, hopsi zinanukia hopsi. Nikammiminia mama watoto glasi, nikasimama nasubiri kama mwanafunzi. Akanywa. Akanywa tena. Akatikisa kichwa taratibu akasema, "Mh, nzuri. Haina tofauti na ya dukani."

Mpaka sasa hivi sijajua kama nimesifiwa. Nilipotaka kuuliza akaniuliza sufuria la maji ya kuoga linarudi lini.