Nyumba hii haiuzwi

Ukuta wa mbele wa nyumba yetu pale Isanga, Mbeya, una maandishi mekundu ya rangi ya mafuta: NYUMBA HII HAIUZWI. Mama aliyaandikisha miezi minne baada ya kumzika baba, madalali walipoanza kuleta wateja na kuwaonyesha vyumba yeye akiwa sokoni. Aliyekuwa akiwatuma tulimjua, tena ni wa damu. Fundi wa mabango alikuja asubuhi na kopo moja na brashi mbili, akapiga mistari kwa chaki, akaanza herufi moja moja. Herufi ya Z ilimtoka imegeuka. Mama akamwambia, "Iache hivyo hivyo, mwanangu, wanaosoma wataelewa." Shauri la mirathi lilituchukua miaka miwili ya kwenda na kurudi. Madalali walikoma wiki ile ile ukuta ulipoandikwa.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ninakoishi sasa, Philadelphia nchini Marekani, kuta ndizo kitu cha kwanza kilichonifanya nisimame barabarani. Nahudumia wazee, kazi yangu ni ya zamu, narudi nyumbani kwa basi alfajiri. Dirishani unaona ukuta wa ghorofa tatu wenye sura ya bibi mmoja wa mtaa huo, mbele kidogo watoto, mbele tena jina la kijana aliyeuawa kwa risasi. Mji huu umeshachorwa michoro ya namna hiyo zaidi ya 4,000. Mpango wake ulianza mwaka 1984, serikali ya mji ilipokuwa ikihangaika na vijana waliokuwa wakichafua kuta kwa majina yao. Mchoraji Jane Golden aliajiriwa kufanya kazi na vijana hao hao, akawapa brashi na kuta za kuchora.

Mwaka juzi nilishiriki. Sikujua kwamba sehemu kubwa ya mchoro wa ukutani haichorwi ukutani. Kitambaa chepesi hutandazwa mezani kikiwa kimeshachorwa mistari, kila kipande kina namba, na kila namba ina kikombe chake cha rangi. Tulikuwa ukumbini, bibi wa miaka 80 upande wangu wa kushoto, mtoto wa darasa la pili kulia. Mimi nilipewa namba 14, kahawia ya shingo ya mwanamke. Nilipaka saa nzima shingo ya mtu nisiyemjua. Baadaye vitambaa vikabandikwa ukutani kwa gundi maalumu, na nikipita pale naitafuta shingo yangu. Hata wafungwa wa gereza la Graterford, kabla halijafungwa mwaka 2018, walipaka vitambaa vya namna hiyo ndani ya gereza, kazi yao ikaja kuonekana kwenye mitaa ambayo baadhi yao walikuwa wameitendea mabaya. Jambo hilo bado linanigusa kila nikilifikiria.

Lakini kabla ya rangi kuna vikao. Watu wa mtaa huitwa, huulizwa wanataka kuona nini, hubishana. Ukuta ukishawaudhi, husema pia. Sokoni, upande wa kusini wa mji, palikuwa na picha ya Frank Rizzo, aliyekuwa mkuu wa polisi kisha meya kuanzia 1972 hadi 1980, na ambaye watu weusi wengi wanamkumbuka kwa mkono mzito wa polisi wake. Juni 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, mtu mweusi, sanamu yake iliondolewa katikati ya mji, na siku chache baadaye ile picha ikapakwa rangi juu. Mambo si mazuri yote huku. Michoro mingine inazibwa na majengo mapya, na mtaa ukishapendeza kodi za nyumba hupanda, wenyewe wakahama.

Sasa nirudi kwetu. Panda bajaji kutoka Mwanjelwa uelekee Uyole kwa barabara kuu ya Zambia–Dar es Salaam, hesabu kuta zinazosema kitu. Duka jekundu la kampuni ya simu, duka la bluu la kampuni nyingine, kinyozi mwenye vichwa vinne vilivyochorwa, tangazo la saruji, onyo la faini kwa atakayekojoa. Halafu alama ya X, ya kubomolewa, kwenye nyumba iliyo karibu na barabara, iliyopigwa na watu waliokuja na kopo la rangi wakaondoka. Mwenye duka hupakiwa rangi bure na kampuni naye anafurahi kwa sababu ukuta wake ulikuwa umechakaa, na simlaumu hata kidogo. Kinachonifanya niume meno ni kwamba ukuta mkubwa, ule unaoonekana na kila abiria, tunaugawa kwa galoni nne za rangi, na sisi wenyeji tunabaki na vile vidogo vya uani.

Wakati tuna mengi ya kuandika. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2016–17, na mchoro ninaoukumbuka mimi tangu shule ya msingi ni fuvu la kichwa lenye neno UKIMWI chini yake. Fuvu lile lilitufundisha kumkimbia jirani mgonjwa. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe kwa imani za kishirikina, na mimi ningetamani sura zao, kama wazazi wao watakubali, ziwe mahali ambapo kila mtu anayekwenda kwa mganga atazipita.

Wapo watakaosema michoro ni mambo ya Wazungu. Aende Igeleke, pale Iringa mjini, atazame michoro kwenye mwamba, kisha aniambie nani alianza. Na mama yangu na Z yake iliyogeuka hakumwiga mtu wa Philadelphia.

Mwezi uliopita vijana wa kampuni moja walikwenda nyumbani wakiomba ukuta wa mbele. Mama alinipigia kuniuliza. Nikamwomba asiniulize mimi, awaulize wanakikoba wenzake na mwenyekiti wa mtaa, rangi nitatuma. Walikaa Jumapili, uani kwetu. Mama Neema anataka achorwe mama mjamzito na njia ya zahanati. Vijana wa bajaji wanataka mwenzao aliyegongwa na lori. Bibi wa jirani anataka maandishi ya mama yabaki palepale, chochote kitakachochorwa kiyazunguke. Watakaa tena Jumapili ijayo.