Mashine ya kupumulia mikononi mwa muuguzi wa wodi

Kila janga la mapafu linapotajwa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, watu wa afya hugawanyika juu ya swali moja: je, muuguzi wa wodi ya kawaida, au daktari asiye bingwa, afundishwe kwa siku chache kuendesha mashine ya kupumulia kisha akabidhiwe mgonjwa mahututi? Wanaokataa huonekana ndio wenye busara. Wanaokubali hudhaniwa kuwa watu wa semina na posho. Mimi naona hoja ya hawa wa pili haijasikilizwa vizuri, japo ya wale wa kwanza ina uzito wa kweli.

Mashine yenyewe haiponyi ugonjwa wowote. Inasukuma hewa wakati mgonjwa ameshindwa, ili mwili upate muda wa kupigana. Ikisukuma kupita kiasi, inaumiza mapafu yale yale inayoyasaidia. Mpira ulioingizwa kooni ukiziba kwa makohozi saa tisa usiku, mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi hawezi kuita mtu, na dakika zake zinahesabika. Mpira huo ukiteleza ndani sentimita chache tu, pafu moja linabaki bila hewa. Anayeyatambua haya mapema ni yule aliyekwisha kuyaona mara nyingi, na hakuna semina ya siku tano inayoweza kumpa mtu macho hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia wagonjwa wa Covid katika vyumba vya mahututi vya hospitali 64 kwenye nchi 10 za Afrika, ulikuta asilimia 48.2 wamekufa ndani ya siku 30, kiwango kilicho juu ya wastani wa dunia. Daktari anayeogopa kuongeza mikono isiyozoea juu ya hali kama hiyo hastahili kuitwa mwenye wivu wa taaluma.

Watetezi wa mafunzo hupenda kujibu kwa mfano wa Copenhagen mwaka 1952. Polio ilikuwa imepooza misuli ya kupumua ya mamia ya watu, na daktari Bjørn Ibsen akashauri watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu mchana na usiku, wakikamua mifuko ya mpira. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 87 hadi karibu 25. Ni habari ya kugusa moyo, lakini haitoshi kwa hoja hii. Wagonjwa wale mapafu yao yalikuwa mazima kwa sehemu kubwa. Kilichokufa ganzi ni misuli. Mapafu ya Covid yamevimba na kujaa maji, na hayasamehe makosa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwingine, na ninashangaa hautajwi sana huku kwetu. Mwaka 2000 ulichapishwa Marekani utafiti wa wagonjwa 861 wenye mapafu ya namna hiyo, wote wakiwa kwenye mashine, wote chini ya mabingwa. Nusu walipewa mililita 12 za hewa kwa kila pumzi kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu. Nusu nyingine walipewa mililita 6, na presha ndani ya mapafu ikazuiwa isipande mno. Katika kundi la kwanza walikufa asilimia 39.8, katika la pili, 31. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Katika kila wagonjwa mia moja, karibu tisa waliishi kwa sababu ya namba moja iliyowekwa kwenye mashine.

Namba hiyo inapatikanaje? Kwa utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani, na kwa hesabu ya darasani. Chukua mama mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 85. Mapafu hayanenepi mtu anaponenepa, ukubwa wake unafuata kimo. Kwa kimo chake anahesabiwa kuwa na kilo 52 hivi, basi pumzi yake ni mililita 310 na kidogo. Anayesoma mizani tu atampa 510, na akifuata kipimo cha zamani atampa 1,020, zaidi ya mara tatu ya kinachomfaa. Muuguzi wa A1, yaani mwenye masomo ya chuo, akishaelezwa sababu, anaijua hesabu hiyo kabla ya chakula cha mchana, na jedwali la urefu linaweza kubandikwa ukutani juu ya kila kitanda.

Na mabingwa wenyewe? Mwaka 2016, miaka 16 baadaye, uchunguzi katika vyumba 459 vya mahututi kwenye nchi 50 ulionyesha kuwa wagonjwa wa aina hiyo waliopewa mililita 8 au pungufu hawakufika hata theluthi mbili. Waliopimwa ile presha ya ndani ya mapafu walikuwa kama asilimia 40 tu. Kujua mengi hakukuwazuia kuliacha dogo linaloua. Hapo ndipo naona hoja ya mafunzo inasimama: sehemu kubwa ya madhara ya mashine inatoka kwenye mambo machache yanayofundishika, na mtu aliyefundishwa hayo machache tu, akasimamiwa ayatende kila saa, hayuko nyuma sana kama tunavyodhani. Kumlaza mgonjwa kifudifudi ni mfano mwingine. Utafiti wa mwaka 2013 ulipunguza vifo vya siku 28 kutoka asilimia 32.8 hadi 16 kwa njia hiyo, na kinachohitajika zaidi ni mikono kadhaa inayomgeuza mtu taratibu bila kuchomoa mpira.

Tusisahau pia kwamba sisi tulikwisha kuvuka mto huu zamani. Mwanamke anayepasuliwa usiku Walungu au Kaziba ili mtoto atoke, anayemlaza usingizi kwa kawaida ni muuguzi. Anestezisti wengi wa mkoa huu wametoka ISTM, vyuo vya ufundi wa tiba, hawakupitia ubingwa wa udaktari. Hao hao ndio waalimu wanaofaa, na ndio wanaopaswa kubaki nguzo: mmoja mwenye uzoefu, chini yake wauguzi wa wodi wenye kazi zilizoandikwa. Uingereza ilifanya vivyo hivyo Machi 2020, ilipokubali muuguzi mmoja wa mahututi, ambaye kwa kawaida hubaki na mgonjwa mmoja, asimamie hadi sita kwa msaada wa waliotoka wodi nyingine.

Kuna mahali wapinzani wananishinda kabisa, nako ni oksijeni na umeme. Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilihesabu mashine zinazofanya kazi zisizofika 2,000 katika hospitali za umma za nchi 41 za Afrika, na kila mtu akapiga kelele za mashine. Lakini mashine nyingi zinadai oksijeni yenye presha ya mtungi au ya bomba. Kile kifaa kidogo kinachochuja oksijeni hewani hakiwezi kuziendesha. SNEL, shirika la umeme la Kongo, ikikata umeme na jenereta ikachelewa, ujuzi wa muuguzi haujazi betri. Wagonjwa wengi wanaokufa huku wangeokolewa na kipimo cha kidoleni kinachoonyesha oksijeni ya damu, na oksijeni ya maski iliyotolewa mapema. Kwa hiyo fedha zikiwa chache, oksijeni itangulie. Ila mafunzo hayahitaji kusubiri mpaka kila mtungi ufike, kwa kuwa siku ya kwanza ya somo zuri ni hiyo hiyo: nani anahitaji oksijeni tu, nani anahitaji mpira, na nani hatasaidiwa na mashine, hivyo familia isiuze shamba kulipia siku ambazo hazitamrudisha.

Yapo mambo ya kudai. Anayefundishwa abaki kwenye chumba cha mahututi angalau miezi kadhaa, asirudishwe wodi ya uzazi wiki inayofuata kwa sababu ratiba imebana. Alipwe posho ya zamu za usiku, si ya kuhudhuria semina. Katikati ya majanga mashine zisifungiwe stoo, kwani pepopunda, sumu za shambani, kifafa cha mimba na risasi za kifuani hazisubiri Covid irudi, na mkono usiotumika unasahau. Kila kitanda kiwe na ambu yake, mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, iliyopimwa, inayofikika bila kuomba ufunguo. Na mtihani wa mwisho ufanyike usiku, umeme ukiwa umezimwa kwa makusudi, muuguzi akiwa peke yake mbele ya mwanasesere wa mafunzo aliyezibwa mpira, huku anestezisti akisimama mlangoni na saa mkononi.