DJ wa Dodoma Ni Mawingu

Tunapenda kudanganyana hapa Dodoma eti kila mtu ana ladha yake ya muziki. Ladha gani? Mwezi wa saba mtaa mzima unataka singeli, mwezi wa kwanza mtaa uleule unataka kimya na chai ya tangawizi. Nani kachagua hapo? Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, kifuku, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na michango ya harusi.

Kifuku kikiingia, muziki wote unasimamiwa na bati. Nyumba ya bati jembamba la geji 30 isiyo na dari, mvua ikianza, hata mkipigiana kelele mezani hamsikilizani. Wengine wanashindana nayo: wanafungulia amplifaya mpaka mwisho. Hapo ndipo twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inapokufa. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi yanakatwa vichwa, na makali yanayotokana na kukatwa huko yanaishia kwenye twita, kifaa chenye waya mwembamba kama unywele. Inanuka kidogo, inanyamaza, na mwenyewe anailaumu TANESCO. Mwenye akili hushusha sauti, akatafuta kitu cha taratibu, rumba au zilipendwa, maana wimbo wenye nafasi kati ya noti husikika hata katikati ya mvua. Ndiyo siri ya wazee kuonekana wana busara ya muziki mwezi wa kwanza. Busara wapi, ni bati.

Ngoma nazo zinagoma. Ngozi ikinywa unyevu inalegea, na muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, unaoanza kusema “bwe, bwe” badala ya kulia ni aibu kwa walioubana mapajani. Dawa ni moto wa majani makavu au magunzi: uso wa ngoma unaelekezwa motoni, umbali wa mkono mmoja, unazungushwa, unagongwa kila baada ya dakika moja mbili mpaka sauti ipande. Ukiusogeza karibu kwa haraka zako, ngozi inaungua upande mmoja na kupasuka. Na huwezi kuikaza mara moja ukamaliza. Ikikaa nusu saa kwenye hewa ya Februari, inarudi kulegea. Ilimba, ala ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, angalau haitaki moto, ila ule utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu ili vyuma vitoe mvumo, ukilowa, kwaheri mvumo.

Kwaresima inapita na kwaya zake, sina ugomvi nayo. Kisha Aprili linakuja Bunge la bajeti mpaka mwisho wa Juni, na huo kwetu ni msimu kamili kama masika. Gesti zinajaa, bei ya chumba inapanda, na kila baa inagundua kwamba imekuwa ikipenda muziki wa dansi tangu kuzaliwa. Juni 30 ikipita, waheshimiwa wanaondoka, na amapiano inarudi jioni ileile.

Hapo ndipo taabu yenyewe. Mtama na uwele vimeingia ghalani, alizeti imeuzwa, kila mwenye binti anakumbuka kwamba ana binti. Hata jando la Wagogo na ngoma zake lilikuwa la kiangazi, baada ya mavuno: chakula kipo, na kidonda kinakauka. Siku hizi ni turubai katikati ya barabara na kadi ya mchango yenye jina lako.

Sasa sikiliza kosa la fundi mitambo. Anapima sauti saa tisa alasiri. Saa hizo ardhi inawaka, hewa ya chini ni ya moto kuliko ya juu, kwa hiyo sauti inapinda kwenda mawinguni. Yeye anasikia haitoshi, anaongeza. Usiku wa Julai baridi inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, ardhi inapoa kwanza, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti ileile inapinda kurudi chini. Kitufe cha sauti hajakigusa. Sherehe iko Nkuhungu, wewe uko Chang'ombe, na besi iko uvunguni mwako. Tena ni besi peke yake! Sauti nyembamba zinafia njiani, lakini wimbi la besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Tofali la inchi 6 litalifanya nini? Unapata kifua cha wimbo bila kichwa, mpaka saa tisa usiku.

Halafu upepo. Kuanzia Julai mpaka Oktoba vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi, sembuse sabufa. Koili ya spika, ule waya uliozungushwa ndani yake, inacheza kwenye uwazi usiofika hata milimita chache kando ya sumaku, na vumbi letu lina chembe za chuma. Sumaku inazikaribisha ndani kama wageni wa sendofu. Zikishaingia, koili inakwaruza: krrr. Usipulize kwa pampu ya baiskeli, unazisukuma ndani zaidi. Kinga ni kanga ya kufunika kila ukimaliza, brashi laini kila wiki. Kama ni kitufe cha sauti tu kinachokwaruza, zima umeme, kizungushe huku na huku mara kumi, mara nyingi kinapona. Sabufa yenyewe haiponi.

Na hakuna anayefunika. Kwa hiyo Novemba inafika, joto limefika nyuzi 31, wingu halionekani, shamba linasubiri, na mtaa mzima, mpaka walevi, umehamia kwaya za kuomba mvua. Kila sabufa inaimba, kila sabufa inakwaruza. “Bwana, krrr, tunyeshee, krrr.” Huko juu wanaweza kudhani tunaomba changarawe.