Begi la safari ya kwanza mbugani: acheni mambo ya kaki, tafuteni sweta na darubini

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia magrupu ya WhatsApp yanaanza kuchangamka, watu wa vikoba, watu wa maofisini, watu wa kwaya, wote wanapanga kwenda Ngorongoro na Serengeti kwa mara ya kwanza, na mi hiki kitu kinanifurahisha sana maana kwa miaka mingi wengi wetu tembo, simba na faru tumewazoea kwenye noti tu. Swali la kila grupu ni lilelile, jamani tunabeba nini? Afu anatokea mtu anakopi orodha kutoka mtandaoni anaitupia pale: shati la kaki lenye mifuko minne, suruali ya kukatika magotini kwa zipu, buti za mlimani, kofia ya mwindaji, adapta ya umeme. Watu wanaangalia bei wanakata tamaa, mwingine anajitoa kabisa.

Orodha hiyo ameandikiwa mtu anayetoka Ujerumani. We unayetoka Tabata au Mbagala vitu vingi vya humo huna kazi navyo, na vile ambavyo vitakuokoa havijatiliwa mkazo kabisa.

Tuanze na baridi, kwa sababu hapa ndo watu wa Pwani wanateseka na inaniuma kila nikiona. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, lile bonde kubwa la duara wanamokaa wanyama, uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita mpaka wa nane usiku nyuzijoto zinashuka chini ya 10, ukungu umetanda, upepo unapiga, na kama bajeti yenu ni ya kulala kwenye hema pale kambi ya Simba basi mjue mnalala palepale juu ukingoni. Alafu alfajiri ndo mnashuka kreta, paa la gari limefunguliwa ili muone vizuri, upepo wote wa uso. Nimeona mama mtu mzima kabisa kavaa dera na kandambili anatetemeka mpaka hawezi kushika kikombe cha chai, na watoto wamejikunyata sakafuni mwa gari wakati nje kuna nyumbu na pundamilia mpaka macho yanachoka. Huyo mtoto kalipiwa hela nyingi aje kuona, na haoni kitu kwa sababu ya sweta la elfu tano.

Kwahiyo nenda mitumba. Karume kwa wa Dar, Memorial kwa watakaopitia Moshi, utapata jaketi la upepo, sweta zito, soksi za sufu, kofia ya kuvuta masikioni, kwa bei ambayo huyo mwenye orodha yake hataamini. Vaa nguo za kupandana, tisheti ndani, sweta, jaketi juu, maana ikifika saa tano jua limewaka na utaanza kuvua moja moja. Kama ni bibi au mtoto mdogo ongeza na blanketi au shuka la Kimasai la kujifunika ndani ya gari. Glavu pia sio anasa, zile nondo za kushikilia ukiwa umesimama kwenye paa saa kumi na mbili asubuhi zina baridi kweli.

Kuhusu kaki, mkiwa ndani ya gari simba hajali umevaa nini. Rangi ina maana kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni mbung'o, wale nzi wanaouma ambao wengine wanawaita ndorobo. Hawa wanavutwa na bluu na nyeusi, na ukipita Tarangire utaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimening'inizwa porini, ile ni mitego yao. Sasa angalieni tisheti za sare ambazo magrupu yetu yanapenda kuprinti, asilimia kubwa ni bluu iliyokoza au nyeusi! Mbung'o anauma mpaka juu ya nguo nyepesi, anauma kwa maumivu, na ndo anayeambukiza malale, na dawa za kupaka za mbu hazimtishi sana. Printini kijivu, krimu, kijani ya kufifia, mambo ya nembo na jina la grupu yatakaa vizuri tu. Nyeupe nayo muiache kwa sababu ya vumbi. Na mwenye kombati au kitu chochote chenye madoadoa ya jeshi akiache nyumbani, raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi hairuhusiwi nchini na mtaharibu safari ya watu wote barabarani.

Sasa darubini. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu naamini kwa moyo wote kwamba ndo kitu kinachotofautisha mtu aliyeenda mbugani na mtu aliyeona mbuga. Chini ya kreta kuna kama kilomita za mraba 260 na gari haliruhusiwi kutoka nje ya barabara, kwahiyo faru mweusi mara nyingi unaoneshwa akiwa mbali huko, doa jeusi kwenye nyasi. Dereva anasema yule pale, watu saba wanagombania darubini moja ya dereva, ikikufikia we faru keshalala au kageuka. Wengine wanainua simu wanavuta picha mpaka inakuwa ukungu, wanapiga, wanarudi nyumbani na doa. Na Serengeti ni hivyohivyo, chui wa Seronera mara nyingi kitu cha kwanza unachokiona ni mkia unaning'inia kwenye mti, bila darubini utabishana na mwenzako kama ule ni mkia au tawi.

Ukiwa nayo mwenyewe mambo yanabadilika. Unaona kope za twiga, unaona masikio ya simba jike yanageuka kabla hajainuka, unaona karani yule ndege mrefu anavyokanyaga nyoka, na hata gari likisimama muda mrefu bila simba huchoki maana kila kichaka kina kitu. Ukiona imeandikwa 8x42 maana yake inavuta mara 8 na kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 42, na kwa mtu wa mara ya kwanza hiyo ndo naipendekeza. Ile ya 10x42 inavuta zaidi ila mkono ukicheza kidogo kila kitu kinacheza. Vile vidogo vya 8x21 vinaingia mfukoni sawa, lakini alfajiri na jioni vinakuwa na giza, na huo ndo muda wanyama wakali wanatembea. Usinunue za plastiki za watoto. Kama mpya ni ghali tafuta iliyotumika, azima kwa ndugu, au muulizeni mwenye gari mapema kama anakodisha, na mkiwa familia jitahidini ziwe mbili, moja iwe ya watoto peke yao. Mi ningekata hela ya nguo za picha zote niiweke hapa.

Vumbi ni la kutajwa pia. Lami inaishia geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, kutoka pale kupanda, kushuka mpaka Naabi Hill kwenye geti la Serengeti ni barabara ya makorogesho, ile ya mawimbi-mawimbi inayotikisa gari, vumbi linaingia kila tundu la gari. Wanawake bebeni kanga mbili tatu, kanga moja inafunika pua na nywele, nyingine inafunika begi, na ya tatu nitawaambia kazi yake sasa hivi. Mwenye pumu abebe dawa yake kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi lililofungwa juu ya gari, na anayetapika safarini ameze dawa kabla hamjaondoka Karatu.

Kanga ya tatu ni ya kujistiri mkienda chooni. Huku kwetu barabarani tumezoea kuchimba dawa popote, gari linasimama watu wanaingia vichakani, ila mbugani hushuki kwenye gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, na kutoka choo kimoja mpaka kingine inaweza kuwa saa kadhaa. Bebeni karatasi, sabuni, pampasi za kutosha kwa wadogo, na kinamama msiache kunywa maji eti mnaogopa choo, mwambieni dereva mapema tu, anajua vilipo vyote.

Chakula watu wetu wanabeba sana na sioni ubaya, chapati na mayai ya kuchemsha ni chakula kizuri cha mbugani kuliko yale maboksi yenye keki kavu. Ila pale Ngoitokitok, sehemu ya kupumzikia na kula ndani ya kreta, kuna mwewe, wanashuka kwa kasi wanachukua paja la kuku mkononi mwako na kucha zinaweza kumkwaruza mtoto usoni, kwahiyo kula ndani ya gari kwanza afu ndo mshuke kuangalia viboko. Nyani na tumbili wa Tarangire na Manyara nao wanaingia gari lililoachwa wazi. Bebeni vyombo vyenye mifuniko, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Na mkilala kambini msiweke chakula ndani ya hema, hata biskuti, fisi wanapita usiku na kambi hazina uzio. Tochi ya kuvaa kichwani kila mtu na yake.

Begi liwe laini, la kitambaa. Yale masanduku magumu ya matairi yanakula nafasi ya Land Cruiser nzima, na wale watakaobahatika kupanda ndege ndogo mara nyingi wanaruhusiwa kilo 15 tu na lazima begi liwe la kubonyea.

Kitambulisho cha taifa, jamani, kitambulisho. Bei ya raia na bei ya mgeni vimepishana sana, na bila kitu cha kuonesha uraia getini mtakwama nusu siku mnapiga simu nyumbani. Watoto mi ningewabebea nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Malipo ya getini hayapokelewi keshi, mnapewa kontroo namba mnalipa kwa simu au benki, matokeo yake magrupu mengi yanafika mbugani bila noti hata moja. Ikifika siku ya mwisho dereva aliyeamka saa kumi usiku, aliyebadilisha tairi kwenye vumbi huku nyie mkipiga picha, aliyewaonesha chui ambaye magari mengine yalimpita, anapewa asante na mkono tu. Wageni wanampa bakshishi, sisi ndugu zake tunampa mkono. Changeni mapema kwenye grupu pamoja na hela ya mafuta, wekeni kwenye bahasha kabla hamjatoka nyumbani, na mumpe yeye mwenyewe, na mpishi naye kama mlilala kambini.