Viganja Vyekundu

Ukitaka kuwapaka rangi watoto wa miaka miwili, pika rangi inayolika, maana watailamba tu. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vitatu vya maji. Koroga kwanza kwa maji baridi ndipo ubandike, la sivyo utapata madonge na watoto watayagombania kama kalimati. Uji ukianza kuvutika, ipua, tia chumvi vijiko vitatu wasinogewe, gawa kwenye makopo. Nyeusi ni mkaa uliosagwa na kuchekechwa. Nyekundu ni maji ya bitiruti, yatiwe mwishoni, maana yakichemka sana yanakuwa kahawia. Njano ni manjano ya unga, vijiko viwili kwa kikombe cha uji.

Hapo kwenye manjano ndipo nilipoumbuka.

Ilikuwa Julai, Iringa, baridi ya kuvaa sweta juu ya sweta, na kituo chetu cha kulelea watoto kinajiandaa kwa tamasha la utamaduni. Watoto 14. Ngoma tulitengeneza kwa makopo ya maziwa ya unga. Ukingo wa kopo lazima uzungushiwe solotepu mara mbili, unakata kama wembe. Nilileta na kikapu kilichosukwa kwa nyasi za milulu waone mistari yake. Walikiona kwa dakika moja, kisha kikawa kofia.

Kazi ya mwisho: kila mtoto achovye viganja kwenye njano, agonge kwenye fulana nyeupe. Chumvi haikusaidia kitu. Mmoja ambaye kwao wanamlazimisha uji kwa kumshika pua alikomba nusu kopo.

Saa tano na nusu msaidizi wangu akachukua maji ya vuguvugu na sabuni ya mche. Kiganja cha kwanza kiliingia cha njano, kikatoka chekundu. Wekundu mzito, kama damu inayoanza kuganda.

"Mwalimu, nimemchuna!"

Nami kwa busara zangu zote nikamwambia aongeze sabuni. Akaongeza. Kikazidi kuiva. Manjano yakikutana na kitu chenye ukali wa magadi, iwe sabuni ya mche, majivu au magadi yenyewe, yanageuka mekundu. Miaka yote hiyo nayatia kwenye pilau, na hilo sikulijua. Kufika saa sita, watoto 14 wamesimama mstarini, mikono juu, wanafurahi kuliko siku zote.

Wa kwanza kuja kuchukua mtoto alikuwa bibi mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmewachinjisha kuku?"

Mjukuu akamwonyesha viganja. "Damu!" Neno lenyewe alikuwa amejifunza dakika kumi zilizopita, kutoka kwa msaidizi wangu.

Nyuma yake baba mmoja kafika na bodaboda, hata injini hajazima, anamwita mwanawe apande waende hospitali. Bibi hakuwa na haraka. Alikivuta kiganja cha mjukuu puani, akanusa.

"Binzari hii. Leteni ndimu."

Tukakamulia ndimu. Pale tone lilipopita, wekundu ukarudi njano mbele ya macho yetu, mstari kwa mstari. Baba akazima injini. Akaomba na yeye akamulie.

Fulana nikazigawa kwa masharti: zikauke siku mbili, kisha zisuuzwe kwa maji baridi tu, sabuni hapana. Niliwaambia wazazi 13. Wa 14 alikuja kumchukua mwanawe wakati mimi nakwangua uji ukutani.

Siku ya tamasha wakaingia 13 wenye viganja vya njano vilivyofifia, na mmoja mwenye viganja viwili vyekundu kifuani, fulana imepigwa pasi. Uji ulitoka, doa likabaki, na sabuni haikusuuzwa vizuri. Nikajua leo naitwa ofisini.

Wakanijia akina mama watatu, mmoja kashika kiuno.

"Mwalimu, mchango si tulitoa sawa? Mbona wetu hamkuwawekea ile nyekundu?"

Nikawaambia wakafue.