Ng'ombe wa Muyovozi na mabani ya Urambo

Kila kiangazi mjadala wa bonde la mto Malagarasi, magharibi mwa Tanzania, huanzia kwa ng'ombe. Mifugo inaingia tindiga la Muyovozi kufuata majani mabichi, askari wa wanyamapori wanaikamata, mwenyewe anapigwa faini. Lawama yote inaishia kwa mfugaji.

Wanaomlaumu wana hoja. Hakuna mto unaoingia Ziwa Tanganyika wenye bonde kubwa kuliko Malagarasi, na tindiga la Malagarasi-Muyovozi, hekta zaidi ya milioni 3, liliingia orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, la kwanza nchini. Masika linameza mafuriko, kiangazi linayaachia kidogo kidogo. Ng'ombe wakihamia humo moja kwa moja, kwato zinashindilia udongo. Anayelima mpunga hadi ukingoni naye anakiuka Sheria ya Mazingira ya 2004, inayotaka mita 60 ziachwe.

Lakini mfugaji, mara nyingi Msukuma aliyehama baada ya malisho ya kwao kwisha, atakuuliza: nikitoka hapa niende wapi? Sijasikia jibu zuri.

Mimi hunitatiza zaidi juu huko yanakotoka maji, kwenye wilaya za tumbaku za Tabora: Urambo, Kaliua na Sikonge. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, moto ukiwaka siku kadhaa mfululizo, na kuni zinatoka kwenye miombo. Mvua inayonyesha kwenye mapori hayo ndiyo inayoujaza Ugalla, unaokutana na Malagarasi ukielekea Uvinza. Pori hilohilo ndilo la mizinga ya nyuki iliyoipa Tabora sifa ya asali.

Simlaumu mkulima. Tumbaku inamletea pembejeo za mkopo na mnunuzi wa uhakika. Mahindi hayana hata kimoja. Ada za shule na mabati ya nyumba vimetoka humo. Anahimizwa apande mikaratusi, vyema, ila mkaratusi ni kuni, si pori.

Ng'ombe anaonekana tindigani, anahesabika, anatozwa. Mti uliokatwa kilomita nyingi kutoka hapo hautozwi hivyo, wala kuni zake sizioni kwenye bei ya kilo ya tumbaku. Ningeanzia hapo: mnunuzi agharimie mabani yanayotumia kuni chache, huku wafugaji wakichimbiwa malambo nje ya tindiga. Mradi wa umeme wa megawati 49.5 uliopangwa maporomoko ya Igamba utayategemea maji hayohayo, na mitambo haitauliza yamepunguzwa na nani.