Kache nje ya hipu, faharasa ndani

Programu ya Java ikianza kusimama kila mzoa taka (garbage collector, anayefuta vitu visivyotumika tena kwenye kumbukumbu) anapopita, shauri la kwanza huwa ni kuitoa kache (akiba ya data ya kusomwa haraka) nje ya hipu, yaani kumbukumbu anayoisimamia mzoa taka. Si shauri baya: kilicho nje mzoa taka hakigusi. Ila kache nyingi hutoa thamani tu, funguo na faharasa zikabaki ndani.

HBase, hifadhidata iliyoandikwa kwa Java, iko hivyo. BucketCache, kache yake, huweza kuweka bloku (vipande vya data) nje, lakini jedwali la kuzitafutia limo ndani ya hipu. Kwa kuwa bloku kwa kawaida ni ya KB 64, ufunguo wake hauonekani kitu. Balaa ni rekodi ndogo. Chukua ufunguo wa herufi 20: String baiti 24, safu ya herufi zake 40, nodi ya HashMap (jedwali la kutafutia la Java) 32, na Long ya kushika anwani ya huko nje 24. Jumla 120. Rekodi milioni 20 zinakula GB 2.4 za hipu, wakati thamani zenyewe, tuseme baiti 100 kila moja, ni GB 2 tu. Umetoa mzigo mdogo, mkubwa umeuacha sebuleni.

Basi itoe na faharasa, kama maktaba ya Chronicle Map inavyofanya? Hipu itapumua kweli. Lakini rekodi inayosomwa mara elfu kwa kawaida itajengwa upya kutoka baiti mara elfu, na taka ulizozikimbia zinarudi kwa mlango wa nyuma. Tena -Xmx, kikomo cha hipu, haihesabu kumbukumbu ya nje. Ndani ya kontena, kikomo kikipitwa, Linux inaua mchakato papo hapo. Hakuna OutOfMemoryError (kosa la Java la kuishiwa kumbukumbu), na grafu ya hipu inaonyesha afya tele. (Anayeitafuta hitilafu hiyo usiku ataniunga mkono.)

Hoja ya programu kusimama nayo imepoa tangu ZGC ya vizazi, mzoa taka asiyesimamisha programu kwa muda mrefu, ilipokuja na Java 21 mwaka 2023, ingawa ZGC haibani vielekezi (anwani za objekti), kwa hiyo nodi ile ya baiti 32 inakuwa 40.

Kwa rekodi kubwa zisizobadilika, mimi ningetoka nje bila kusita. Kwa ndogo, ningeanza na Java 25 na -XX:+UseCompactObjectHeaders, juu ya G1, mzoa taka wa kawaida wa Java. Vichwa vya objekti (baiti za maelezo mwanzoni mwa kila objekti) vinashuka hadi baiti 8, na ile 120 inakuwa 96: karibu MB 480 zimerudi, bila kugusa hata mstari mmoja wa msimbo.